Mashindano ya Hadithi za Kisayansi: Mwandishi Mpya Hupata Nini?

Huenda msomaji akashangaa kukuta, katika jarida la sayansi, makala yanayozungumzia mashindano ya hadithi fupi. Sayansi, atasema, ni kazi ya vipimo na ushahidi, na hadithi ni kazi ya kubuni; vipi mambo haya mawili yakae katika ukurasa mmoja? Shaka hiyo ni ya haki, nayo yafaa ijibiwe kwanza. Johannes Kepler, mwanafalaki aliyetoa kanuni za mwendo wa sayari, aliandika hadithi ya safari ya mwezini iliyochapishwa mwaka 1634, miaka minne baada ya kifo chake. Konstantin Tsiolkovsky, mwalimu wa shule wa Urusi aliyepiga hesabu za mwanzo za roketi ya kusafiria angani, alieleza kwamba fikra zake ziliamshwa na vitabu vya Jules Verne, na yeye mwenyewe aliandika hadithi za namna hiyo. Watu hawa hawakuitupa sayansi waliposhika kalamu ya kubuni. Walikuwa wakiuliza maswali ambayo chombo cha kuyapimia kilikuwa hakijaundwa.

Hadithi ya kisayansi huchukua jambo moja ambalo halijatokea, lakini linaloweza kufikiriwa kutokana na maarifa tuliyo nayo, kisha hufuata matokeo yake katika maisha ya watu. Hadithi ya ajabu, ile yenye majini, uchawi au nchi isiyokuwamo katika ramani, hujiwekea kanuni zake yenyewe, ila ikishaziweka hulazimika kuzitii. Zote mbili hudai nidhamu ya mawazo. Zote mbili pia zimekuwa na desturi ambayo aina nyingine za fasihi hazikuitumia sana: kuwatafuta waandishi wapya kwa njia ya mashindano.

Maoni yangu kuhusu desturi hiyo ni haya. Faida kubwa ya mashindano kwa mwandishi mpya hupatikana kabla bahasha ya kwanza haijafunguliwa na mwamuzi. Tangazo lenye mada, kikomo cha maneno na tarehe ya mwisho humfanya mtu amalize hadithi ambayo, pasipo tangazo hilo, isingeandikwa kamwe. Tuzo huwafikia watu watatu au wanne. Hadithi zilizokamilika hubaki kwa wote walioshiriki. Anayelitambua jambo hili atashiriki kwa busara na hatavunjika moyo upesi. Na jamii isiyo na matangazo ya namna hiyo katika lugha yake hupoteza kitu asichokiona mtu yeyote, kwa kuwa hadithi isiyoandikwa haina kaburi.

Picha ya meli angani

Mwaka 1926 Hugo Gernsback, mhandisi wa redio na mchapishaji wa majarida huko New York, alianzisha jarida la Amazing Stories, ambalo lilikuwa la kwanza la Kiingereza kujishughulisha na hadithi za kisayansi peke yake. Katika toleo la Desemba mwaka huohuo, jalada lilikuwa na picha ya ajabu: meli ya baharini ikining'inia angani chini ya chombo cha mviringo, huku viumbe wa ajabu wakiitazama. Wasomaji walitakiwa kuandika hadithi ya kuieleza picha hiyo, nazo tuzo za dola 500 kwa jumla zikatengwa.

Mshindi wa tatu alikuwa Clare Winger Harris. Hadithi yake, "The Fate of the Poseidonia", ilisimulia jinsi wakazi wa sayari ya Mars walivyoiba maji ya dunia, ikachapishwa mwaka 1927. Gernsback alipoitambulisha hakuficha mshangao wake kwamba mwandishi ni mwanamke; aliamini kwamba wanawake kwa kawaida hawakuwa na elimu ya kuwawezesha kuandika hadithi hizo. Harris akaendelea kuandika, akawa miongoni mwa waandishi waliopendwa sana na wasomaji wa jarida hilo. Mhariri aliyekuwa na dhana mbovu alisahihishwa na mashindano yake mwenyewe. Ndiyo sababu leo mashindano yaliyo mazuri huwaficha waamuzi majina ya washiriki: kazi husomwa bila kujulikana kama imetoka kwa profesa au kwa karani, mjini au shamba.

Aliyeshinda, aliyejitoa na aliyeshindwa

Hebu tuwatazame watu watatu, kwani habari zao zikiwekwa pamoja zinaeleza zaidi kuliko sifa za tuzo yoyote.

Wa kwanza ni Alfred Bester. Mwaka 1939 hadithi yake ya kwanza, "The Broken Axiom", ilishinda mashindano ya waandishi wapya yaliyotangazwa na jarida la Thrilling Wonder Stories. Haikuwa hadithi kubwa. Hata hivyo ilimfungulia mlango, na mwaka 1953 riwaya yake The Demolished Man ikawa ya kwanza kabisa kupewa Tuzo ya Hugo.

Wa pili ni Robert A. Heinlein, ofisa wa jeshi la majini la Marekani aliyestaafishwa kwa sababu ya ugonjwa wa kifua. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliona tangazo la jarida hilohilo lenye tuzo ya dola 50, akakaa akaandika hadithi iitwayo "Life-Line". Alipoimaliza alifanya hesabu. Ilikuwa na maneno yapatayo 7,000, na jarida la Astounding lilikuwa likilipa senti moja kwa kila neno. Basi akaipeleka huko, mhariri John W. Campbell akaikubali, naye akapata dola 70. Hivyo Heinlein hakushiriki mashindano yale hata kidogo. Lakini bila tangazo lake huenda asingeanza kuandika wakati ule.

Wa tatu ni Arthur C. Clarke. Katikati ya miaka ya 1950 gazeti la The Observer la London liliitisha mashindano ya hadithi fupi zinazohusu mwaka 2500. Clarke alipeleka hadithi iitwayo "The Star", inayomhusu kasisi mwanasayansi anayechunguza mabaki ya nyota iliyolipuka. Haikupata nafasi ya ushindi, wala haikuwamo katika zile zilizokaribia. Ikachapishwa na jarida dogo la Marekani mwaka 1955, na mwaka uliofuata ikapewa Tuzo ya Hugo. Leo ni miongoni mwa hadithi fupi za kisayansi zinazojulikana zaidi ulimwenguni. Katika mashindano yaleyale kazi ya kijana muuza vitabu, Brian Aldiss, ilikuwa miongoni mwa zilizotunukiwa, naye Aldiss akawa mwandishi mashuhuri. Waamuzi basi hawakukosea kwa Aldiss, wakakosea kwa Clarke, katika kazi ya siku zilezile.

Mmoja alishinda, mmoja alijitoa, mmoja alishindwa. Jambo wanaloshirikiana wote ni moja tu: kila mmoja aliona tangazo akamaliza hadithi. Wako wanaosema kwamba mashindano ni bahati nasibu kwa kuwa waamuzi wana mapendeleo yao. Ni kweli kwamba waamuzi ni binadamu. Lakini katika bahati nasibu anayekosa hubaki na karatasi isiyofaa kitu, ilhali mshiriki wa mashindano hubaki na hadithi nzima mkononi, aweze kuipeleka kwingine. Clarke alifanya hivyo.

Mfano wa mashindano ya kudumu

Mashindano yanayojulikana zaidi kwa waandishi wapya wa aina hizi mbili za hadithi ni yale ya Marekani yaitwayo Writers of the Future, yaliyoanzishwa mwaka 1983 na mwandishi L. Ron Hubbard. Yafaa kuyaeleza kidogo, kwani utaratibu wake unafundisha. Mwaka hugawanywa katika robo nne, na kila robo ina washindi watatu wanaopewa dola 1,000, 750 na 500. Mwisho wa mwaka mmoja wa washindi wa kwanza hupewa dola 5,000 zaidi. Hakuna ada ya kuingia. Hadithi isizidi maneno 17,000. Majina hufichwa kwa waamuzi, ambao wenyewe ni waandishi wenye sifa. Mtu aliyekwisha kuchapisha riwaya, au hadithi fupi kadhaa katika majarida yanayolipa vizuri, haruhusiwi kushiriki. Washindi huitwa katika semina ya mafunzo, na hadithi zao huchapishwa katika kitabu cha kila mwaka, kwa malipo mengine mbali na tuzo.

Waliopitia hapo ni wengi. Karen Joy Fowler alikuwamo katika kitabu cha kwanza cha mwaka 1985. Patrick Rothfuss alishinda mwaka 2002 kwa sehemu aliyoichomoa katika riwaya ndefu ambayo wachapishaji walikuwa hawajaikubali. Mwaka huohuo Nnedi Okorafor, mzaliwa wa Marekani mwenye wazazi wa Kinigeria, alifika hatua ya mwisho bila ya kushinda. Mwaka 2016 kitabu chake Binti, chenye jina lisilohitaji tafsiri kwa msomaji wetu, kilipata Tuzo za Hugo na Nebula. Hapa tena tunaona kwamba ushindi na thamani havikwenda pamoja sikuzote.

Msomaji anapaswa pia kujua kwamba Hubbard ndiye aliyeanzisha dini ya Scientology, na kwa sababu hiyo wako waandishi wasiotaka majina yao yahusishwe na mashindano hayo, ingawa washiriki hawatakiwi kuwa waumini. Kila mtu na aamue kwa dhamiri yake. Nalitaja jambo hili kwa sababu ya kanuni iliyo pana zaidi: mshiriki ana haki ya kujua nani anayegharimia mashindano na kwa nini.

Kuna kizuizi kimoja kinachotuhusu sisi zaidi kuliko hivyo vyote. Hadithi sharti iwe kwa Kiingereza. Ndivyo ilivyo katika mashindano mengi ya kimataifa ya aina hii. Kijana wa Tanga au Mombasa anayefikiri na kusimulia kwa Kiswahili hukuta mlango umefunguliwa kwa wote, ila lazima aivue lugha yake kizingitini.

Ushahidi wa nyumbani

Je, mashindano yanaweza kuzaa aina mpya ya fasihi katika Kiswahili? Swali hili halihitaji kubahatisha, maana jambo hilo limekwisha kutokea.

Mwaka 1957 na 1958 Ofisi ya Vitabu ya Afrika Mashariki iliendesha mashindano ya kuandika hadithi kwa Kiswahili. Tuzo ya kwanza ilikwenda kwa Muhammad Said Abdulla, mwandishi wa habari wa Zanzibar, kwa kisa alichokiita Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa kuwa kitabu mwaka 1960. Humo ndimo msomaji wa Kiswahili alipokutana na Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko, ambaye hakubali kwamba mzimu umeua mtu mpaka ushahidi wote uchunguzwe. Kabla ya hapo hadithi ya upelelezi ilikuwa ngeni katika lugha yetu. Baada ya hapo zikafuata nyingine za mwandishi huyohuyo, kisha za waandishi wengine, na hatimaye hadithi za upelelezi zikajaa katika vibanda vya vitabu. Tangazo moja lilichangia kufungua njia iliyopitiwa na watu wengi. Tena yafaa wanasayansi wazingatie kwamba shujaa aliyezaliwa na mashindano yale ni mtu wa kuuliza, kupima na kukataa ushirikina.

Wala ardhi ya hadithi za kisayansi na za ajabu si kame kwetu. Shaaban Robert alituwekea Kusadikika mwaka 1951, nchi inayoelea hewani. Katama Mkangi wa Kenya, katika Walenisi ya mwaka 1995, alimrusha mtu aliyehukumiwa kifo ndani ya chombo cha angani hadi katika jamii iliyojengwa kwa misingi mingine. Mbegu zipo. Kilichokosekana ni msimu wa kupanda unaorudi kila mwaka. Tuzo za Kiswahili zilizoanzishwa katika miaka ya karibuni, kama ile ya Mabati-Cornell ya mwaka 2014 na Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu iliyotolewa kwa mara ya kwanza Tanzania mwaka 2023, ni jambo la kushukuru sana. Lakini zilikusudiwa hasa miswada mizima ya vitabu. Mwanafunzi wa kidato cha sita, fundi wa maabara au muuguzi mwenye wazo moja zuri la kurasa kumi anahitaji mlango mdogo zaidi wa kuanzia.

Faida kwa sayansi yenyewe

Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia. Ilikuwa kazi kubwa iliyofanywa kwa uangalifu. Hata hivyo, istilahi haiishi kwa kuandikwa katika kamusi. Huishi siku inapotamkwa na mtu mwenye hofu, mwenye haraka au mwenye furaha. Maneno kama kani, mnururisho na usanisinuru hujulikana kwa mwanafunzi kama maneno ya mtihani. Akishautoka mtihani huyaacha mlangoni. Lakini mweke mhusika wa hadithi ambaye chakula cha kijiji chake kinategemea usanisinuru wa mwani ndani ya birika la kioo, na mwani huo umeanza kufa. Hapo msomaji atalikumbuka neno kwa sababu alikuwa na wasiwasi nalo.

Vyama vya sayansi vya nchi nyingine vimeitambua faida hiyo. Jarida la hadithi za kisayansi la Chengdu nchini China lilianzishwa mwaka 1979 chini ya chama cha sayansi na teknolojia cha jimbo la Sichuan, na tuzo yake ya Yinhe ikaanza mwaka 1986. Katika kurasa zake alikulia Liu Cixin, mhandisi wa kituo cha umeme, ambaye riwaya yake The Three-Body Problem ilitolewa humo kwa mfululizo mwaka 2006, na ilipotafsiriwa kwa Kiingereza ikapata Tuzo ya Hugo mwaka 2015. Liu hakulazimika kuiacha lugha yake ili asikike. Wengine walilazimika kumtafsiri. Nchini Marekani, chama cha National Space Society pamoja na wachapishaji Baen Books walianzisha mwaka 2007 tuzo ya hadithi fupi zinazohusu safari za anga za siku za karibu, kwa sharti kwamba sayansi yake iweze kuaminika.

Ushauri kwa anayetaka kushiriki

Kwa kijana anayesoma makala haya akiwa na nia ya kuandika, nina mambo sita ya kumwambia.

Kwanza, soma masharti yote kabla ya kuandika sentensi ya kwanza. Angalia lugha inayotakiwa, idadi ya maneno, tarehe ya mwisho na sifa za mshiriki. Hadithi nzuri yenye maneno 9,000 haifai kitu pale palipotakiwa 8,000. Kama majina yanafichwa, usiandike jina lako katika kurasa za hadithi.

Pili, chunguza ada na haki. Mashindano ya kuheshimika aghalabu hayamtozi mwandishi mpya fedha nyingi, na mengine hayamtozi chochote. Jambo la hatari zaidi ni lile sharti linalosema kwamba kazi zote zilizopelekwa, hata zisizoshinda, ni mali ya waandaaji. Ukiliona, rudisha hadithi yako sandukuni. Tangu mwaka 1998 waandishi wa hadithi za kisayansi wa Marekani wamekuwa na kikundi kiitwacho Writer Beware cha kuwaonya wenzao juu ya hila kama hizi, maana wanaonaswa kwa wingi ni wageni wa kazi.

Tatu, chukua wazo moja ulifuatilie hadi mwisho. Tuseme mbu waenezao malaria wametoweka kabisa katika bonde la Rufiji. Wanasayansi wa Ifakara wamewachunguza mbu kwa miaka mingi, kwa hiyo wazo lenyewe si ndoto tupu. Lakini hadithi haijaanza bado. Inaanza unapouliza: muuza vyandarua atakula nini? Mama aliyempoteza mtoto mwezi mmoja kabla atamwambia nini mtaalamu aliyechelewa? Na kama mbu wa aina nyingine wataingia mahali pa wale, nani atakuwa wa kwanza kujua, na je, atasadikiwa? Kifaa cha ajabu huvutia kwa ukurasa mmoja. Mtu aliye katika shida ndiye anayemchukua msomaji hadi mwisho.

Nne, utunze ukurasa wa kwanza. Waamuzi husoma kazi nyingi sana, na hadithi inayoanza kwa maelezo marefu ya historia ya dunia mpya huwekwa kando kabla jambo lolote halijatokea. Anza pale mambo yanapoharibika. Mengine yataelezwa njiani.

Tano, andika mwenyewe. Mnamo Februari 2023 jarida la Clarkesworld la Marekani lililazimika kusimamisha kwa muda upokeaji wa hadithi kwa sababu ya wingi wa zile zilizotungwa na programu za kompyuta. Mashindano mengi sasa hukataa kazi za namna hiyo. Na hata yasingezikataa, fikiri hesabu yake: ikiwa faida kuu ya mashindano ni kumfanya mtu amalize hadithi, basi anayempa mashine kazi hiyo amelipa nauli ili mtu mwingine asafiri.

Sita, ukishapeleka, usingoje. Anza nyingine siku ya pili. Ikirudi iliyokataliwa, isome tena kwa jicho la mgeni, sahihisha panapohitaji, uipeleke kwingine. Octavia Butler alipokuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo huko Pasadena katika miaka ya 1960, alishinda mashindano ya hadithi fupi ya chuo akapewa dola 15, ambazo zilikuwa malipo yake ya kwanza ya uandishi. Baada ya hapo alipitia miaka ya vibarua na kukataliwa kabla ya riwaya yake ya kwanza kutoka mwaka 1976. Mwaka 1995 alipewa ruzuku ya MacArthur, mwandishi wa kwanza wa hadithi za kisayansi kuipata. Dola 15 zile hazikumlisha. Zilimthibitishia tu kwamba hadithi yake inaweza kutoka mikononi mwake ikakubaliwa na watu wasiomjua.

Nafasi yetu

Lililobaki ni letu sisi tulio upande wa pili wa meza: walimu, wahariri, mabaraza ya sayansi na vyuo. Mashindano ya hadithi fupi za kisayansi na za ajabu kwa Kiswahili hayahitaji mtaji mkubwa. Yanahitaji tangazo lenye mada iliyo wazi, kikomo cha maneno 3,000 au 4,000, na tarehe isiyobadilishwa. Yanahitaji waamuzi watatu: mmoja mwanasayansi, mmoja mtaalamu wa lugha, na mmoja mwandishi wa hadithi. Kazi zisomwe bila majina, haki zote zibaki kwa waandishi, na washindi wachapishwe. Ningeongeza sharti moja ambalo ni la thamani kuliko fedha: waamuzi watoe maelezo ya ukurasa mmoja juu ya makosa yaliyoonekana mara nyingi, ili hata aliyekosa apate somo.

Tena yarudiwe kila mwaka. Mashindano ya mara moja huwapata wale waliokuwa tayari. Ya kila mwaka huwafundisha wasio tayari, kwa kuwa aliyeshindwa anajua lini atajaribu tena. Shule za sekondari zina maonyesho ya sayansi ambako wanafunzi huleta vifaa walivyovibuni. Pembeni mwa meza ya vifaa iwekwe meza moja ya hadithi. Mwanafunzi aliyeunda jiko la jua atuonyeshe linavyochemsha maji, na mwenzake atusomee siku ambayo kijiji kizima kilikuwa na jiko hilo na mawingu hayakuondoka kwa miezi miwili.

Muhammad Said Abdulla aliona tangazo akaandika. Kama Ofisi ya Vitabu isingelitangaza, hakuna ambaye angelijua kwamba Bwana Msa amekosekana. Leo pia wako mabwana na mabibi wa namna hiyo ambao bado hawajaandikwa, wanahandisi wa mwezini na waganga wa sayari za mbali wanaosema Kiswahili. Wanaoweza kuwaandika wako madarasani na maabarani mwetu. Tuwape tarehe.